Nyumba Mpya na Anayeijua: Utangulizi wa Taaluma ya Makazi

Kwa vizazi vingi mkazi wa kawaida wa Dar es Salaam hakununua nyumba, alijenga. Alipata kiwanja, akachimba msingi mwaka huu, akanyanyua boma mwaka uliofuata, akahamia kabla madirisha hayajapata vioo, na dari ikaja kufungwa binti yake wa kwanza akiwa ameshaolewa. Mji uliohesabiwa watu wapatao milioni 2.5 mwaka 2002 ulifikia watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, na wengi wa watu hao wamepata pa kulala kwa mtindo huo: bila benki, bila mkandarasi, mara nyingi bila hata ramani yenye muhuri. Waliojenga mji ni walimu, madereva, mama lishe na wafanyabiashara wa Kariakoo, kila mmoja na fundi wake na rundo lake la tofali lililoota nyasi.

Siku hizi kuna njia nyingine. Ukipita Kigamboni, Bunju, au Fumba kule Unguja, utakuta mabango ya nyumba zilizokwisha kujengwa na kupakwa rangi, zinasubiri mwenye fedha. Shirika la Nyumba la Taifa, Watumishi Housing, mifuko ya hifadhi ya jamii, kampuni za Kichina na za wenyeji, hata mtu binafsi mwenye viwanja vyake vinne vitano, wote wanajenga ili wauze; ndio waendelezaji. Mtu aliyechoshwa na ahadi za fundi anaona hapo pumziko. Je, anunue?

Kitabu hiki kimetokana na swali hilo. Nimelisikia darasani, nimelisikia harusini, na zaidi ya mara moja nimeulizwa makaburini, watu wakisubiri kaburi lifukiwe. Wanaouliza hutaka jibu la ndiyo au hapana. Mimi huwapa taaluma nzima, na naelewa kwa nini baadhi yao hawarudi tena.

Taaluma ya makazi ni ya kuazima. Imechukua vipimo kwa wahandisi, hati kwa wanasheria, bei kwa wachumi, na kwa wanasosholojia imechukua udadisi wa kutaka kujua nani analala chumba gani na kwa nini. Nchini Tanzania kitovu chake ni Chuo Kikuu Ardhi, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Msomaji mgeni atakutana mapema na kazi za Lusugga Kironde kuhusu historia ya ardhi ya Dar es Salaam, na za Wilbard Kombe kuhusu makazi yasiyopangwa. Nje ya mipaka yetu atakutana na John Turner, msanifu majengo wa Kiingereza aliyefanya kazi katika vitongoji vya Peru kuanzia 1957, na ambaye kitabu chake cha 1976, Housing by People, bado kinagombaniwa. Turner alitaka nyumba ipimwe kwa yale inayowafanyia wakazi wake, na aliona kuwa mtu huvumilia kasoro aliyojisababishia mwenyewe kuliko kasoro ndogo zaidi aliyoletewa na mwingine. Aliyewahi kuhudhuria kikao cha wakazi wa majengo mapya, lifti ikiwa imekufa mwezi wa pili, hatahitaji ushahidi zaidi.

Hoja yangu mwenyewe ni hii: anayenunua nyumba mpya anamwachia muuzaji ujuzi wote wa nyumba hiyo, na faida na hasara karibu zote za ununuzi huo zinatokana na hapo.

Aliyejijengea anajua mambo. Anajua mifuko mingapi ya saruji iliingia kwenye msingi, kwa sababu aliihesabu jioni na akaihesabu tena asubuhi. Anajua kama nondo za lenta ni za milimita 12 au fundi alichomekea za 10. Anajua kona ipi maji hutuama, bomba limepita wapi chini ya jamvi, na ni chumba gani kilipigwa lipu siku ambayo maji yalikatika. Ujuzi huo ameulipia kwa jasho, presha na ugomvi na shemeji aliyepewa usimamizi, lakini anao. Mnunuzi wa nyumba iliyokamilika anakabidhiwa funguo, rangi inayong'aa na tabasamu la ofisa mauzo. Yaliyo chini ya rangi anayajua muuzaji, na wakati mwingine hata muuzaji hayajui. Anayajua fundi mwashi ambaye sasa yuko kazini mkoa mwingine.

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala fupi kuhusu soko la magari yaliyotumika. Muuzaji anajua ubovu wa gari lake, mnunuzi hajui. Kwa hiyo mnunuzi anaogopa kutoa bei nzuri hata kwa gari zuri, wenye magari mazuri wanajitoa sokoni, na mabovu ndiyo yanayobaki. Makala hiyo ilichangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Kila mwaka nawafundisha wanafunzi wangu makala hiyo, kisha nawaomba waigeuze. Kwenye magari, jipya ndilo la kuaminika. Kwenye nyumba za mwambao wetu, ya zamani ndiyo iliyokwisha kutoa ushahidi. Ikiwa imepita masika kumi na dari haina doa, hilo unaliona kwa macho yako. Ikiwa chumvi inapanda ukutani, imeshapanda, na wewe umeikuta. Nyumba iliyopakwa rangi wiki iliyopita haijasema lolote.

Inafaa tukae kidogo hapo kwenye kuta, kwa sababu vitabu vingi vya uchumi wa nyumba huzipita haraka.

Zege haikauki kama nguo. Inashika kwa kemia, na kemia hiyo inataka maji. Nguvu yake hupimwa kwa kawaida siku ya 28, na katika wiki ya kwanza inapaswa kumwagiliwa maji bila kuachwa. Mjenzi anayekimbizana na tarehe ya kukabidhi nyumba ana kila sababu ya kufupisha siku hizo, na hakuna atakayemwona, maana nguzo iliyonyimwa maji na nguzo iliyomwagiliwa vizuri zinafanana zikishapigwa lipu. Tofali nazo ni hivyo hivyo. Mfuko mmoja wa saruji ukilazimishwa kutoa tofali nyingi kupita kiasi, tofali zile zitasimama ukutani kwa heshima kama nyingine, mpaka siku utakapotaka kutoboa tundu la pazia na mchanga ukamwagika.

Adui mkubwa wa Pwani ni chumvi. Mchanga uliochotwa karibu na bahari bila kuoshwa, au maji ya kisima yenye chumvi yaliyotumika kuchanganyia, huingiza ndani ya zege kitu kinacholisha kutu. Nondo ikipata kutu hutanuka, na ikitanuka hupasua zege kutoka ndani. Jambo hilo huchukua miaka. Kasoro mbaya kuliko zote, kwa hiyo, ndiyo ile isiyoweza kujitokeza ndani ya muda ambao muuzaji yeyote atakubali kuwajibika. Bara wana yao: maeneo mengi ya kando ya Nairobi yana udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na usipochimbwa na kuondolewa kabla ya msingi kuwekwa, nyumba itainuka na kushuka pamoja nao kila msimu. Nyufa zake hukatisha mshazari kutoka kona za madirisha. Ufa mwembamba kama unywele ulio juu ya lipu tu haunipi shida. Ule wa mshazari ninaoweza kuingiza ncha ya sarafu huniondoa mahali pale bila kuaga.

Wapo wanaofikiri upya wa jengo ni usalama. Jengo la ghorofa la Huruma, Nairobi, lililoanguka Aprili 2016 katika kipindi cha mvua kubwa na kuua watu wapatao hamsini, halikuwa jengo la kale. Lilikuwa na miaka michache tu, limejaa wapangaji, na lilikuwa limekwisha kuorodheshwa miongoni mwa yale ya kubomolewa.

Mnunuzi afanye nini basi? Aende wakati wa mvua. Wauzaji hupenda kuonyesha nyumba Januari na Agosti, nami sioni sababu ya kuwafurahisha. Afungue bomba zote kwa pamoja na avute maji vyoo vyote, kisha aende nje kusimama juu ya chemba. Agonge vigae vya sakafu kwa sarafu na kusikiliza vinavyolia utupu. Aulize mkandarasi amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa daraja gani, na mhandisi aliyesaini michoro ya nguzo ni nani. Aombe picha za msingi kabla haujafukiwa. Mwendelezaji mwenye kazi safi anazo picha hizo na hufurahi kuulizwa. Asiyenazo ataanza kukueleza habari za bwawa la kuogelea. Na gharama ya kumlipa mhandisi wako mwenyewe akague siku moja ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya nyumba, lakini ni wachache mno wanaoilipa. Watu haohao huwezi kuwauzia gari bila kumleta fundi wao.

Nimesema mengi ya kutisha, na nisieleweke kwamba nawafukuza wanunuzi. Nyumba mpya ina faida ambazo mjenzi wa pole pole hazipati kamwe, na kubwa kuliko zote haiko kwenye nyumba yenyewe, iko mtaani.

Miaka ya 1970 Serikali ya Tanzania, kwa fedha za Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni na kuweka barabara na huduma kabla ya watu kujenga. Nyumba ziliachiwa wananchi. Mwaka 2021 Guy Michaels na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha maeneo ya namna hiyo katika miji kadhaa ya Tanzania na maeneo mengine. Walikuta kwamba miongo kadhaa baadaye yale yaliyopimwa kabla ya kujengwa yana nyumba kubwa zaidi, bora zaidi na zilizopangika. Mtu yeyote wa Dar es Salaam aliyewahi kutafuta nyumba Sinza na kwenye mtaa usiopangwa wa Manzese angeweza kuwaambia hivyo, lakini ni vizuri kuwa na takwimu. Funzo kwa mnunuzi ni kwamba mpango wa eneo huishi zaidi ya plasta. Ukuta mbaya unaweza kubomolewa na kujengwa upya. Njia ya miguu ambayo gari la zimamoto haliwezi kupita, ukishazungukwa na nyumba za watu arobaini, hutaipanua. Mradi mpya uliopangwa vizuri, wenye mfereji wa maji ya mvua, upana wa barabara na sehemu ya wazi, unakupa kitu ambacho huwezi kujijengea peke yako hata ukiwa tajiri.

Faida ya pili ni muda. Mtu anayejenga huku akilipa kodi ya pango analipia nyumba mbili, na saruji haimsubiri apate mshahara. Kwa Waswahili walioko Muscat, London au Minneapolis faida hii ni kubwa zaidi, kwa sababu wao hujenga kwa picha za WhatsApp. Kila familia ina hadithi ya kaka aliyetumiwa fedha za paa, na picha ya paa ikaja, ila paa lilikuwa la jirani. Nyumba iliyokamilika inamwondolea mtu aliye mbali hatari hiyo, ingawa inamletea nyingine: Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999, ilivyotungwa, kimsingi haikummilikisha ardhi asiye raia isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na Katiba ya Kenya ya 2010 inampa asiye raia ukodishaji usiozidi miaka 99. Aliyechukua uraia wa ugenini na amwone mwanasheria kabla hajamwona dalali.

Hapo tumeingia kwenye hati, na hati ndiyo inayobomoa nyumba nyingi kuliko chumvi. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kibaha zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro. Oktoba 2023 nyumba zilibomolewa Mavoko, nje ya Nairobi, katika ardhi ambayo mahakama ilisema ni ya kampuni ya saruji, na baadhi zilikuwa nyumba nzuri za watu waliojinyima. Buldoza haliulizi rangi ilipakwa lini. Tanzania iliondoa umiliki wa ardhi wa moja kwa moja mwaka 1963. Kinachonunuliwa ni haki ya kutumia ardhi kwa miaka 33, 66 au 99, kwa hiyo swali la kwanza ni imebaki mingapi. La pili ni hati imeandikwa jina la nani. Katika miradi mingi hati ya eneo zima ni moja, kwa jina la mwendelezaji, na mara nyingine imewekwa rehani benki kwa mkopo wa ujenzi huo huo. Mnunuzi wa ghorofa anahitaji hati ya sehemu yake ya jengo, jambo lililowezekana Tanzania Bara kwa sheria ya mwaka 2008, na Kenya ikapata sheria yake mpya ya namna hiyo mwaka 2020. Ahadi kwamba hati itatoka baadaye iandikwe na tarehe yake na adhabu yake.

Kuhusu kasoro, wajenzi wana kitu wanachokiita kipindi cha matazamio: miezi kadhaa baada ya kukabidhi kazi ambayo mkandarasi analazimika kurekebisha yaliyojitokeza. Wanunuzi wengi hudhani kipindi hicho ni chao. Kwa kawaida si chao. Ni makubaliano kati ya mkandarasi na mwendelezaji, na kipindi hicho kisipoandikwa ndani ya mkataba wako wa mauzo utakuwa mtazamaji tu. Nchi nyingine zimelifikiria jambo hili kwa ukarimu zaidi. Afrika Kusini, kwa sheria ya 1998, mjenzi wa nyumba mpya anawajibika miezi 3 kwa kasoro ndogo, miezi 12 kwa paa linalovuja na miaka 5 kwa kasoro kubwa za msingi na kuta. Uingereza ina baraza lililoanzishwa 1936 ambalo dhamana yake kwa nyumba mpya hufika miaka 10. Hapa kwetu mnunuzi anategemea zaidi maneno ya mkataba wake, na ndiyo maana sura ya mkataba ni ndefu kuliko zote kitabuni.

Fedha nitazipitia haraka, kwa kuwa zina sura mbili zake. Nyumba mpya inayouzwa kwa mara ya kwanza na mwendelezaji wa Tanzania Bara hubeba kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, na nafuu iliyopo ni ya nyumba za bei ya chini. Nyumba iliyokaliwa kwa miaka haina mzigo huo. Ulizeni bei iliyotangazwa ni kabla au baada ya kodi, maana tofauti yake inatosha kununua gari. Mikopo ya nyumba nchini haifiki asilimia 1 ya pato la taifa, hata baada ya kampuni ya kuzikopesha benki kwa ajili hiyo kuundwa mwaka 2010, na riba yake ni ya tarakimu mbili. Kenya, yenye soko kubwa zaidi, ina akaunti zipatazo 30,000 tu za mikopo hiyo. Kwa hiyo wengi hununua kwa awamu, wakimlipa mwendelezaji moja kwa moja, au kwa mpango wa mpangaji mnunuzi. Halafu kuna yale yasiyoandikwa kwenye bango: gharama za huduma za pamoja za ghorofa, dizeli ya jenereta, mlinzi, na kwa mkazi wa Kigamboni, tozo ya Daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016, kwenda na kurudi.

Kununua nyumba ambayo bado iko kwenye ramani ni jambo jingine kabisa. Bei huwa ya chini, na punguzo hilo ni ujira wa hatari. Mradi wa Dege wa Kigamboni, uliohusisha mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF na mshirika wake na kukusudiwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000, ulikwama na majengo yake yakasimama matupu kwa miaka. Miradi ya Shirika la Nyumba ya Morocco Square na Kawe 711 ilisimama mwaka 2018 kabla ya kufufuliwa baadaye. Kama taasisi za umma zenye ardhi, jina na uwezo wa kukopa zinaweza kusimamishwa njiani, mwenye kampuni ya ofisi moja na kompyuta yenye picha nzuri hana kinga ya ajabu. Sisemi watu wasinunue kwenye ramani. Nasema malipo yafuate ujenzi: msingi ukikamilika, awamu, paa likipanda, awamu, na fedha zikae kwenye akaunti ambayo mwendelezaji hawezi kuigusa peke yake.

Limebaki jambo ambalo wahandisi hunicheka nikilitaja, na ambalo nadhani ndilo tamu kuliko yote katika taaluma hii. Nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba vitatu huku na vitatu kule na ukumbi katikati, ina uani. Uani ndiko kwenye jiko, maji, nguo, watoto na maneno. Mbele kuna baraza, na baraza ni mahali pa mgeni asiyepaswa kuingia ndani. Nyumba mpya nyingi zimeletwa na michoro isiyojua hayo. Jiko liko wazi, limeungana na sebule, na mgeni anakaribishwa na moshi wa vibua. Mkaa unawashwa kwenye kibaraza cha ghorofa ya nne, ambako haukukusudiwa kabisa. Na ukitokea msiba? Turubai linafungwa wapi? Wanaume watakaa wapi usiku, masufuria ya pilau yatainjikwa wapi? Nimeona wakazi wa ghorofa wakipeleka matanga kwa ndugu mwenye nyumba ya chini, miezi michache tu baada ya kujisifu kwamba wamehama uswahilini.

Haya si mageni. Majengo marefu ya Michenzani, Unguja, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yaliwapa watu kuta imara, na maji yasiyopanda ghorofa za juu yakawa lalamiko la miaka mingi. Buruburu ya Nairobi, iliyoanza kujengwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa tabaka la kati, ilikuwa na nyumba za mchoro mmoja zenye bustani mbele. Leo sehemu nyingi za bustani hizo ni maduka, saluni na vyumba vya kupangisha, maana wenye nyumba waliendelea kujenga pale mwendelezaji alipoishia. Magomeni Kota, ambako kaya 644 zilirejeshwa mwaka 2022 kwenye ghorofa zilizochukua nafasi ya nyumba zao za zamani, ni mahali ninapowashauri wanafunzi wafanye utafiti kabla hapajazoeleka. Waangalie nani amehamisha jiko, nani amepangisha chumba, watoto wanachezea wapi. Jengo huwa jipya siku moja. Baada ya hapo wakazi ndio wanaolijenga.

Kuna hasara ya jirani pia. Ukinunua nyumba katika mtaa wa zamani unaweza kuuliza muuza genge nani anapiga muziki na nani anafuga mbwa mkali. Katika mradi mpya jirani yako bado hajanunua. Wala kamati ya wakazi haijaundwa, na kamati hiyo ndiyo itakayoamua kama lifti itakuwa inafanya kazi mwaka wa tano.

Sasa utanidai jibu, nami nitalitoa ingawa wenzangu wa idara watanung'unika. Kama unaweza kusubiri, nunua nyumba mpya iliyokwisha kupita masika moja nzima, katika mradi ambao angalau nusu ya nyumba zina watu, na ambao hati za wanunuzi wa kwanza zimeshatoka. Utalipa zaidi kidogo kuliko waliotangulia. Utakuwa umewanunulia ujuzi wao, na kwa maoni yangu hakuna kitu cha bei nafuu zaidi sokoni. Kama huwezi kusubiri, lipa mhandisi na mwanasheria kabla ya kulipa kianzio, na wasiwe wale ambao ofisa mauzo amekupendekezea. Na kama umeshachimba msingi wako Chanika au Kitengela na umefika usawa wa madirisha, endelea kujenga. Kitabu hiki bado kinakuhusu, kwa sababu ipo siku wewe au watoto wako mtakuwa wauzaji.

Karibu, basi. Anayesoma kwa ajili ya mtihani aanze mwanzo na aende kwa mpangilio. Aliyeshika mkataba mkononi na kuambiwa asaini kabla ya Ijumaa aende moja kwa moja kwenye sura ya mkataba, na asisaini Ijumaa.